Jini ya Mzungu Iliitwa Dawa, ya Nyanya Ikaitwa Kesi

Wasee wangu, leo tukae chini kidogo. Posti ni ndefu lakini ina mambo. Na kama hujafikisha miaka 18, karibu usome historia. Glasi ngoja zamu yako.

Desemba iliyopita kazin wangu alirudi kutoka Pune, India, anakosomea. Wengine wakirudi kutoka huko huleta nguo na viungo vya pilau. Yeye alileta chupa ya jini iliyotengenezwa Goa. Chupa safi, lebo imechorwa kama kitabu cha hadithi. Jioni moja tukapanda juu ya nyumba hapa Mwakingali, jua la Voi ndio linaanza kupunguza hasira, tukaweka barafu, jini, maji ya tonik na kipande cha ndimu. Nikachukua video, nikaweka mtandaoni. Mnaikumbuka, ile mlinijazia komenti za "kishua sana".

Kitu ambacho video haikuonyesha ni nyanya yangu. Alikuwa ameshuka kutoka Mbololo kuja Krismasi. Alipanda ngazi polepole, akachukua chupa, akanusa. Akanusa tena. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii si ndiyo ile walinifungia?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Kumbe mwaka 1986 nyanya alilala rumande siku nne, alafu akatozwa faini iliyomla mbuzi wawili. Kosa lake lilikuwa kupika chang'aa. Pesa ya hiyo chang'aa ndiyo ilikuwa karo ya mamangu. Mimi nimeishi miaka yote hii sijui. Basi tangu Desemba nimekuwa nikisoma, na leo nataka niwaonyeshe vile kinywaji kimoja kinaweza kuwa dawa kwa mtu mmoja na kesi kwa mwingine, na vile hii stori yote imepita hapa hapa kwetu Voi.

Tuanze na jini yenyewe. Hapana, si jini wa kwenye chupa ya Aladini, ingawa wazazi wetu wengi wanaona ni yule yule. Kazi ni hii: unachukua kitu chenye sukari au wanga, unakichachusha, unakichemsha. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye 100, kwa hivyo mvuke wa pombe unatangulia. Unaupoza, unadondoka. Hapo una spiriti. Sasa ukiipitisha na matunda madogo ya mti wa juniperi, mbegu za dania, maganda ya machungwa na viungo vingine, hiyo ndiyo jini. Waholanzi walianza na kinywaji chao cha jeneva, Waingereza wakakipenda kupita kiasi. Karne ya 18 London ililewa mpaka bunge likapitisha sheria za kuizuia jini, ile ya 1736 na ile ya 1751. Yaani wakati huo jini ndiyo ilikuwa chang'aa ya London: pombe ya maskini, mama anapikia nyumbani, serikali inahangaika. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Sasa, imefikaje kuitwa dawa? Kupitia India. Mwaka 1820 wanakemia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kutoa kwinini kwenye magome ya mti wa sinkona wa Amerika Kusini. Kwinini inapigana na malaria, na bila hiyo Mzungu hangekaa muda mrefu India wala Afrika. Shida ni kwamba ni chungu kama shubiri. Mwaka 1858 Mwingereza anayeitwa Erasmus Bond akasajili maji ya tonik, yaani maji ya gesi yenye kwinini na utamu kidogo.

Stori mnayoijua inasema hivi: maafisa wa Kiingereza kule India walichanganya kwinini yao na jini ili iteremke, na hivyo jini na tonik ikazaliwa kama dawa ya malaria. Ni stori tamu. Shida yake ni kwamba maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kutaja jini na tonik, jarida la michezo la India la 1868, hayazungumzii homa hata kidogo. Yanazungumzia watu waliotoka kwenye mashindano ya farasi. Ilikuwa starehe, bro. Ilikuwa watu wamemaliza kubet wanataka kitu baridi.

Hebu tupige hesabu. Marekani leo inaruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 kwa lita moja ya tonik. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini hupewa kama miligramu 1,800 kwa siku. Ili upate hizo kwenye tonik, utakunywa zaidi ya lita 20 kila siku. Utakufa na maji kabla mbu hajakuona. Kwa hivyo ukishikwa na homa hapa Voi, nenda hospitali upimwe. Usiniambie ati umejitibu na Tonik.

Sasa tuingie Voi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896. Machi 1898, wakati simba wa Tsavo walipoanza kazi yao ile mbaya, reli ilikuwa imeshapita hapa kwetu. Waliojenga wengi walikuwa vibarua kutoka India, karibu 32,000 waliletwa. Kama 2,500 walikufa, na simba walichukua sehemu ndogo sana ya hao. Wengi waliuawa na magonjwa na ajali. Karibu 6,700 walibaki huku baada ya kazi kuisha. Tunapenda sana stori ya simba kwa sababu inauza tiketi, lakini mbu na kuhara hawana sanamu.

Na si vibarua tu waliotoka India. Utawala wenyewe uliletwa ukiwa umefungashwa kutoka kule. Pesa ilikuwa rupia mpaka 1920. Sheria ya makosa ya jinai ilikuwa ile ya India mpaka 1930. Hata neno gari tunalosema kila siku tumelitoa kule, na chapati unayoila pia. Na kulikuwa na nyumba za kupumzikia wasafiri zilizoitwa dak bangalo, desturi ya India kabisa. Moja ilikuwa hapa Voi. Kabla treni hazijawekwa mabehewa ya kulia chakula, treni ilitoka Mombasa, ikafika Voi jioni, abiria wa madaraja ya juu wakashuka, wakala dina yao, wakanywa, alafu wakapanda safari ya Nairobi usiku. Fikiria: huu mji wetu tunaoudharau ati hauna kitu ulikuwa meza ya kwanza ya walowezi. Ustaarabu wa glasi baridi saa kumi na mbili jioni, ule wa maafisa wa India, ulifika Kenya ukashuka stesheni ya Voi. Leo Madaraka Express inasimama dakika chache watu wanakimbilia matatu, hakuna anayekumbuka.

Alafu vita vikaja. Agosti 1914 Wajerumani walichukua Taveta, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Tarehe 12 Februari 1916 walipigana kilima cha Salaita, na pale wanajeshi wa Baluchi kutoka India walikuwepo. Ukienda Maktau utakuta makaburi ya Wahindi. Katika vita vile vya Afrika Mashariki magonjwa yaliua zaidi ya risasi, na wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu. Kilichokuwa kinga kambini ni kwinini, ile chungu, ya kumezwa. Si glasi yenye ndimu.

Hapa sasa ndipo damu yangu ilianza kuchemka.

Wakati maafisa wanainua glasi zao, Mwafrika alikuwa amekatazwa pombe kali. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka ya kuingiza spiriti kwenye sehemu kubwa ya Afrika. Ule wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza. Maneno yake yalikuwa mazuri: tunawalinda wenyeji. Na kweli biashara ya pombe iliharibu watu wengi. Lakini ulinzi wenyewe ulikuwa na mlango wa nyuma: Mzungu aliruhusiwa kuagiza na kunywa. Hapa Kenya, mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwafrika akishikwa na spiriti ni kosa, na akiipika mwenyewe ni kosa kubwa zaidi. Mvuke ni ule ule, nyuzi ni zile zile 78. Tofauti ilikuwa rangi ya mkono ulioshika glasi.

Na watu wetu hawakuwa wageni wa pombe. Wadawida wana pombe ya miwa tangu zamani. Katika kutasa, ile ibada ya kuondoa hasira moyoni, mzee alitia kinywaji mdomoni akakipuliza nje huku akitamka amani. Ilikuwa pombe yenye adabu: ina siku yake, ina mzee wake, ina sababu yake. Huko pwani wagema wamekwea minazi vizazi na vizazi. Mbangara mnaijua wenyewe, sitaki kesi.

Uhuru ulipokuja mtu angedhani mambo yatabadilika. Wapi. Serikali yetu ikarithi sheria na ikaongeza yake. Miaka ya 1980 tulikuwa na sheria nzima ya kupiga marufuku chang'aa, kwa jina. Nyanya alikamatwa chini ya hiyo. Ananiambia walikuja alfajiri, wakamwaga mtungi, wakabeba sufuria kama ushahidi, na mmoja wao alikuwa mteja wake. Usiku wa mwezi mchanga ndio walikuwa wanapika, karibu na mto, kwa sababu lazima maji ya kupoza yawe karibu na moshi usionekane. Yaani mama wa watoto watano anakimbia gizani na sufuria kichwani ili mtoto asome.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Lakini chang'aa inaua." Kaa hapo hapo, hiyo nitaijibu bila kuikwepa.

Ndiyo, inaua. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Februari 2024 wengine zaidi ya 10 wakafa Kirinyaga. Na kwangu si takwimu. Mjomba wangu, mtoto wa pili wa huyo huyo nyanya, haoni. Alikunywa usiku mmoja 2014, akaamka asubuhi akauliza kwa nini hamjawasha taa. Mara nyingi methanoli inayoua watu kwa wingi hivi haitoki kwenye sufuria ya nyanya, ni ya viwandani, mtu mwenye tamaa ameichanganya kuongeza makali kwa bei rahisi. Na kile alichokunywa mjomba kilikuwa kwenye chupa. Kilikuwa na kizibo. Kilikuwa na stika.

Nilimuuliza nyanya kama anajivunia ile kazi. Akanyamaza sana. Akasema, "Nilikuwa nauza shida kwa watu wenye shida. Lakini sikuwahi kumuuzia mtu kitu ambacho sikuonja kwanza." Sitaki kuipamba hii stori. Kuna nyumba zilivunjika kwa sababu ya pombe yake, na yeye mwenyewe anazitaja, moja moja. Ninachosema ni hiki: kukataza hakujawahi kumaliza pombe. Kumeiondoa tu kwenye mikono ya mtu unayemjua na kuipeleka kwenye mikono ya mtu usiyemjua.

Sasa angalia wenzetu walifanya nini. Turudi London: jini ya mama wa mtaani haikufutika, iliwekewa leseni, viwango na kodi, ikapanda ngazi mpaka ikawa kinywaji cha waheshimiwa. Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya enguli, wapishi wakatakiwa kuuza kwa kiwanda chenye leseni, na hapo ndipo ikazaliwa waragi ya chupa inayojulikana dunia nzima. Haikuwa haki kamili, kwa sababu aliyepika nje ya mpango bado alikuwa mhalifu, lakini angalau nchi ilikubali kwamba kinywaji ni chake.

Goa ndiyo imenigusa zaidi. Pale wana feni, spiriti ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mwanzo inapotoka nyepesi wanaiita urrak. Sasa nenda kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, uulize kinywaji cha mabibo kinaitwaje. Uraka! Mkorosho ulivushwa bahari na Wareno, jina nalo likasafiri na baharini yetu hii hii. Kwa miaka mingi sheria ya India iliihesabu feni kama pombe ya kienyeji, daraja la chini. Mwaka 2009 feni ya mabibo ya Goa ikapewa ulinzi wa jina la mahali, kama vile shampeni ya Ufaransa. Mwaka 2016 Goa ikaitangaza kuwa spiriti ya urithi wake. Mwaka uliofuata, 2017, ikatoka Greater Than, jini ya kwanza ya kisasa ya mafundi wa India. Zikafuata Hapusa, inayotumia juniperi ya Himalaya, Stranger & Sons ya huko huko Goa, na Jaisalmer. Mwingereza alikunywa jini India miaka mia na zaidi akiagiza chupa kutoka kwao. Mjukuu wa yule aliyekuwa akimbebea trei sasa anamuuzia yeye. Hiyo ndiyo nilikuwa nakunywa kwenye video nikidhani ni kinywaji tu.

Na Kenya? Hatujalala kabisa. Kuna Procera, jini ya Nairobi iliyoanza 2018, inayotumia juniperi ya Kiafrika, ule mti wa mtarakwa. Dunia inaisifu, ingawa bei yake si ya mifuko yetu. Na kabla ya hapo kulikuwa na Samson Kivelenge pale Carnivore, aliyechukua ndimu, asali na vodka akatupa Dawa, kokteli ambayo watalii wanaiulizia mpaka leo. Dawa! Jina lenyewe linacheka na stori yote niliyowapa.

Kuhusu sheria, ile ya 2010, tuliyoiita ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa kwenye karatasi. Unaweza kuitengeneza ukiwa na leseni, viwango na chupa zinazotakiwa. Lakini hesabu ya kufikia hapo ni ya mwenye mtaji, si ya mama wa Mbololo mwenye sufuria mbili. Kwa hivyo mlango ulifunguliwa, lakini ngazi haikuwekwa. Leseni za pombe siku hizi ziko mikononi mwa kaunti. Mimi naona kaunti yetu inaweza kuuliza: je, akina mama ishirini wakiungana kwenye ushirika mmoja, na mtambo mmoja, na mtu mmoja wa kupima kila pipa kabla halijauzwa, tutapoteza nini? Tungejua nani amepika nini. Mjomba angejua alikunywa nini.

Sawa, mlisubiri mapishi. Jini na tonik: mililita 50 za jini, 150 za tonik, barafu ijae glasi, kamua ndimu kidogo. Barafu ikiwa chache inayeyuka haraka na kukupa maji, na kwa joto la Voi hilo ni kosa la jinai. Jini za India zinapenda viungo, kwa hivyo ponda iliki mbili au weka kipande cha tangawizi. Gimleti ni jini, maji ya ndimu na sukari, tikisa na barafu, chuja. Ponchi inasemekana jina lake ni panch, tano kwa Kihindi: pombe, sukari, ndimu, maji na viungo. Hiyo fanya kwa watu wengi, na itoe pombe uweke ukwaju, hata wadogo zako watakunywa. Moja au mbili zinatosha. Na kama funguo za boda ziko mfukoni, sifuri.

Nyanya alionja yangu jioni ile. Kidogo tu, kwenye kijiko. Akakunja uso kwa ule uchungu wa tonik, alafu akatabasamu. Akauliza chupa ni pesa ngapi. Kazin akamwambia. Nyanya akahesabu kwa vidole, kimya, akasema hiyo bei ingelipa karo ya mama yangu muhula mzima na bado mbuzi wangebaki.

Akarudisha kijiko kwenye sahani, akaomba chai.

Niambieni kwenye komenti: kwenu nani alipika ili nyinyi msome? Lakini kabla hujaandika, muulize yeye kwanza kama anataka isemwe. Mimi nilimuuliza. Alisema, "Andika. Mbuzi wangu hawakuandikwa popote."